Barabara ya Lamu ndiyo iliyotujulisha jamaa zetu

Miezi michache iliyopita tulikwenda Lamu kumzika ami yangu, ndugu wa baba wa tumbo moja. Baada ya maziko, watu wakiwa wamekaa barazani wakinywa kahawa, kijana wa miaka kama 15 alikuja kunipa mkono. Kisha akampa mkono mwanangu, ambaye ni rika lake. Wakasalimiana kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki. Tulipokuwa kwenye mashua tukirudi Mokowe, mwanangu akaniuliza, "Baba, yule kijana ni nani?"

Yule ni mjukuu wa marehemu. Babu yake na babu wa mwanangu walinyonya ziwa moja. Nikamjibu, "Yule ni ndugu yako." Akaitikia, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikabaki kutazama mikoko, sina la kuongeza.

Ni rahisi kuilaumu simu. Lakini nilipokuwa na umri wa mwanangu, niliwajua jamaa zetu wote kuanzia Kilifi hadi Langoni, kwa majina yao na hata kwa tabia zao: nani mcheshi, nani mkali, nani hali samaki. Hakuna aliyenikalisha kunifundisha nasaba. Nilifundishwa na safari za gari za likizo. Katika makala haya nataka kueleza safari zile zilifanyaje kazi hiyo, na kwa nini ziliacha. Naamini si nyumba yangu peke yake iliyofikwa na haya.

Safari ya siku mbili

Kutoka Mombasa hadi Mokowe, pale gari linapoachwa ili mtu apande chombo cha kwenda kisiwani, ni kama kilomita 340. Mwishoni mwa miaka ya 1980 masafa hayo yalituchukua siku mbili. Baba alikuwa karani, na kila likizo ya Desemba aliazima Peugeot 504 ya rafiki yake, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Tuliingia watu tisa: baba na mama, sisi watoto watano, shangazi yetu mdogo, na kila mwaka mzee mmoja wa mtaani aliyepata habari kwamba kuna gari la Lamu. Baba hakuwahi kumkatalia mtu.

Mama alianza matayarisho siku mbili kabla. Alikaanga mahamri na kababu, akapika mkate wa kumimina, akachemsha mayai, akajaza chupa mbili za chai. Chini ya viti zilipangwa zawadi: leso, sabuni, sukari, majani ya chai. Kila zawadi ilifungwa kwa karatasi ya kaki na kuandikwa jina la mwenyewe. Kazi ya kuandika ilikuwa yetu watoto. Mama anataja, sisi tunaandika.

Leo ndipo naona kwamba hapo lilikuwapo somo la kwanza. Huwezi kuandika jina la mtu kila mwaka kisha usimjue. Furushi likipungua, tuliuliza, tukaambiwa fulani ametangulia mbele ya haki. Likiongezeka, tulijua kuna mtoto amezaliwa au kuna bibi harusi ameingia kwenye ukoo. Rundo lile la mafurushi lilikuwa daftari la jamaa zetu, na sisi ndio makarani wake.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Gari likipanda daraja la Nyali, baba alisoma dua ya safari nasi tukaitikia amina. Daraja lile lilikuwa bado jipya machoni pa wakubwa, maana lilifunguliwa mwaka 1980. Mama alitusimulia lile la zamani la mwaka 1931, lililokuwa likielea juu ya maji. Sisi tukidhani anatunga.

Feri ya Kilifi

Kabla ya mwaka 1991 Kilifi hakukuwa na daraja. Ukifika Mnarani, gari liliingia foleni kungoja feri ya kuvuka hori. Siku nyingine mlingoja nusu saa, siku nyingine saa tatu, na feri ikiharibika, Mungu ndiye ajuaye. Vijana walipita baina ya magari wakiuza korosho za kuchoma, madafu na maembe. Kwetu sisi watoto, hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya safari yenyewe.

Kwa wakubwa, foleni ile ilikuwa baraza. Baba akishuka tu garini alikutana na mtu aliyesoma naye chuoni, au binamu wa mama anayeshuka Mombasa, au mkwe wa jirani. Hapo zilipokewa habari zote za mwambao, nani anaoza, nani mgonjwa, nani amerudi kutoka Uarabuni. Kisha tuliitwa huku midomo imejaa korosho: "Njooni mumsalimie ami yenu." Tunakwenda, tunatoa shikamoo, tunashikwa vichwa, tunaulizwa, "Huyu ndiye wa ngapi? Mbona amemfanana bibi yake?" Kwa muda mrefu nilidhani ami ni mtu yeyote anayengoja feri Kilifi.

Daraja likafunguliwa mwaka 1991, kwa msaada wa Japani. Wakubwa walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa hospitali Mombasa walikuwa wakingoja katika foleni ile ile tuliyokuwa tukilia korosho. Lakini sisi watoto tulinuna. Mwaka huo tulivuka Kilifi kwa kufumba na kufumbua, na hatukumwona ami hata mmoja.

Jambo hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo kiini cha haya ninayoyaeleza. Mimi si mpinzani wa madaraja wala wa lami. Ninachosema ni kwamba kila kinachofupisha njia hupunguza pia mahali pa kukutana. Zamani tulisimama kwa lazima. Njia ikishakuwa nzuri, inabidi mtu asimame kwa hiari yake, na kusimama kwa hiari ni tabia inayohitaji kufundishwa.

Hupiti mlangoni pa mtu

Baba alikuwa nayo tabia hiyo. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba hupiti mji penye jamaa bila kubisha hodi, hata kama ni kwa dakika tano na hata kama mmechelewa. Kutoka Kilifi tulipita Tezo, Matsangoni, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke ukatusindikiza upande wa kushoto hadi karibu na Gede. Njia nzima baba aliuliza, "Hapa wapi?" Aliyetaja mwanzo alipewa korosho. Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: "Na hapa tuna nani?"

Malindi tulikula chakula cha mchana kwa shangazi yake baba, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mlango wa nyumba ile ulikuwa haufungwi. Hapo ndipo nilipojifunza sala ya msafiri. Baba alitueleza kwamba kwa kuwa tumeshatoka mjini kwetu na safari yetu imezidi kilomita 80 na kitu, Adhuhuri na Alasiri tunaweza kuzikusanya pamoja na kuzipunguza, kila moja rakaa mbili badala ya nne. Nilifurahi kama mtu aliyepunguziwa ushuru. Baadaye nilielewa kwamba dini imemwekea msafiri nafasi yake makusudi, kwa hiyo safari si jambo la kuonea uvivu.

Baada ya Malindi tulivuka daraja la Sabaki, maji yakiwa mekundu kwa udongo uliotoka bara. Tulipita Mambrui, Gongoni, na mashamba ya chumvi yaliyong'aa hadi mdogo wangu akauliza kwa nini watu wanaanika sukari. Mbele huko lami iliisha. Kilichobaki kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilichelewa kwisha. Hatujafika Garsen, gari likazama kwenye ule udongo mweusi hadi milango ikawa haifunguki vizuri. Jua likazama nasi bado tuko pale. Mama alikuwa akisoma kimya kimya, na mzee tuliyempa lifti akisema kwa sauti mambo ambayo si ya kuandikwa hapa. Wakatokea wanaume wa kijiji cha karibu, Wapokomo, kama wanane. Walikata matawi, wakayatia chini ya magurudumu, wakasukuma mpaka gari likatoka. Kisha mmoja wao akasema usiku ule hatutaweza kuvuka mto, akatuchukua kwake.

Yeye alikuwa Mkristo. Mkewe alitupikia wali na samaki wa mto, na kabla hatujauliza akatutandikia mkeka safi wa kusalia. Akatuonyesha upande ambao huwaona majirani zao Waislamu wakielekea. Asubuhi waliteremka nasi hadi Mto Tana, tukavuka kwa feri ya kuvutwa kwa mikono, baba na wanaume wengine wakishika kamba.

Mwaka uliofuata, tulipokuwa tukiandika majina kwenye mafurushi, mama alitaja jina la yule bwana wa Garsen. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa ameshaingia daftarini.

Kutoka hapo ilikuwa Witu, na baba hakukosa kutukumbusha kwamba kijiji kile tulichokiona kimesinzia kilikuwa na sultani wake, na kwamba Waingereza walikichoma mwaka 1890. Kisha Hindi, kisha Mokowe, kisha harufu ya bahari na mashua. Tulipofika Langoni kwa bibi, tulioga, tukala, halafu ukaja mtihani. Bibi alitukalisha chini akatuuliza tumepitia kwa nani na nani njiani, wazima au wagonjwa, wamesema nini. Tulijibu mmoja mmoja. Aliyesahau mtu alicheka naye, kisha akamtajia yeye.

Nyumbani humo ndimo alimoishi ami na wanawe. Tulilala darini pamoja, tukiwacheka kwa kusema "mai" na "moya," nao wakitucheka kwa kusema "maji" na "moja." Ami ndiye aliyenifundisha kuogelea, kwa kunisukuma kutoka gatini. Sijamsamehe mpaka leo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa nini tuliacha

Ukimuuliza mtu wa Mombasa kwa nini watu waliacha kwenda Lamu kwa gari, atakwambia ni usalama. Ni kweli. Katika miaka ya 1990 majambazi walishambulia magari katika barabara ile, mabasi yakawa yakienda kwa msafara huku yakisindikizwa na polisi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikaikata barabara. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, ikafuata amri ya kutotembea usiku. Watu walikufa, na wako waliopoteza jamaa zao ndani ya mabasi yale. Sitaki mtu asome makala haya adhani nadharau hayo.

Lakini katika nyumba yetu kulikuwa na sababu nyingine, na naieleza kwa kuwa wahusika wote wawili wameshatangulia. Bibi alifariki mwaka 1993. Ikabaki nyumba. Baba alitaka iuzwe wagawane kama sheria ya mirathi inavyosema. Ami, aliyekuwa akiishi humo na watoto sita, akauliza atakwenda wapi. Kila mmoja alikuwa na haki upande wake. Hakuna aliyemtukana mwenziwe. Waliacha kulizungumza jambo lile, kisha wakaacha kuzungumza.

Desemba iliyofuata baba alisema mwaka huu barabara si salama. Ilikuwa kweli. Mwaka wa pili akasema hivyo hivyo, na wa tatu. Lakini majirani zetu walikuwa wakienda na kurudi, na mafurushi ya mama yaliwekwa kwenye mabasi yale yale tuliyoambiwa hayapandiki. Barabara ilimpa baba udhuru ambao hakuna mtu angeweza kumlaumu nao. Alipofariki, ami alikuja kwa basi, akakaa matangani siku tatu, akarudi kwake. Nyumba haikuuzwa.

Mimi nilirithi ule udhuru. Nilisema hali si nzuri. Baadaye nikasema karo, kisha kazi, kisha tena hali si nzuri. Watoto wangu wakakua Lamu wakiijua kwa picha.

Siku ile ya maziko, mke wa ami, ambaye sasa ni mtu mzima sana, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mumepitia kwa nani njiani?" Swali la bibi lile lile. Nilikosa jibu. Tulikuwa tumetoka Mombasa alfajiri, tumepita Kilifi, tumepita Malindi, tumepita Garsen, na hatukusimama isipokuwa kujaza mafuta.

Sasa tufanyeje

Lami sasa inafika hadi upande wa Lamu. Ukitoka Mombasa baada ya Alfajiri, kwa kawaida utasali Alasiri yako kisiwani. Safari iliyokuwa ya siku mbili imekuwa ya mchana mmoja. Lililobaki ni sisi. Kwa wenye watoto, na likizo zinakuja kila mwaka, nina mambo manne ya kuwaambia.

La kwanza, simameni. Mkitoka nyumbani, mjue mtabisha hodi wapi, walau nyumba mbili. Pigeni simu kabla ili msimtie mtu haya bila chakula nyumbani, lakini mkifika msikae sana. Dakika kumi za mtoto kuonekana na kushikwa kichwa zinafanya kazi kuliko picha mia za kwenye simu.

La pili, watoto waandike majina. Zawadi si lazima iwe kubwa. Robo ya majani ya chai inatosha. Muhimu ni mtoto ajue furushi hili ni la nani na anamwitaje: ami, shangazi, mjomba au bibi.

La tatu, usalama usiufanyie mzaha, wala usiufanye udhuru. Safirini mchana, ulizeni hali ya njia kwa watu walioko huko na msikilize maafisa wakisema msubiri. Mkiambiwa njia ni shwari, basi nendeni.

La nne ndilo zito. Mirathi igawanywe mapema, kwa maandishi, na ikishindikana nyumbani kuna mahakama za kadhi hapa kwetu kwa kazi hiyo. Nimeona nyumba nyingi za Pwani ambazo zimebaki bila kugawanywa ili undugu usivunjike, na undugu ukavunjika humo humo kimya kimya. Dini yetu imehimiza kuunga kizazi, na haikusema kiungwe maadamu hakuna nyumba inayogombewa.

Kwetu, mimi na binamu zangu tumeanza kuzungumza juu ya nyumba ya Langoni. Si mazungumzo mepesi, lakini tunayazungumza. Na Desemba hii tunakwenda, inshallah. Shangazi wa Malindi ameshafariki, ila binti yake yuko palepale, na nimemwambia atutarajie. Yule bwana wa Garsen nimesikia hayuko tena, wanawe wapo.

Juzi nilimpa mwanangu kalamu na karatasi ya kaki, nikaanza kumtajia majina. Aliandika saba bila kusema neno. Tulipofika la nane, la yule kijana waliyepeana mkono barazani, aliinua kichwa akauliza, "Huyu anapenda nini?"

Sikujua. Nikamwambia ampigie amuulize.